Ripoti ya mwanangu wa darasa la pili haina namba. Niliwaka, nikaenda shuleni, nikajionea

Mama Kibada:

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitanuna.

Mwanangu yuko darasa la pili, shule ya serikali huku Kigamboni. Kayumba kabisa, siyo zile za basi la njano. Wiki iliyopita karudi na karatasi ya upimaji wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Nimeifungua hata viatu sijavua. Natafuta namba, namba hakuna. Wastani hakuna. Ule mstari wa "amekuwa wa … kati ya …" hakuna. Kuna jedwali la safu tatu: Anaweza, Anaweza kwa msaada, Bado. Sauti za herufi, alama ya vema iko kwenye Anaweza. Kujumlisha, Anaweza. Silabi, Anaweza kwa msaada. Kusoma habari fupi na kuielewa, Bado.

Huyu mtoto darasa la kwanza alimaliza mwaka akiwa wa 7 kati ya 92. Nilimchinjia kuku.

Baba yake yuko Dodoma kikazi. Kapiga simu usiku, salamu haijaisha kauliza: "Wa ngapi?" Nikamwambia hawajaandika. Akakaa kimya kidogo. "Basi kashika mkia, mwalimu anaona haya kusema."

Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi sasa, ndiko kulikowaka. Mmoja anasema tunachangia uji, tunachangia mlinzi, halafu mtoto wa ngapi hatuambiwi. Mwingine kajitolea kulipia karatasi watoto watungiwe "mtihani wa maana". Kuna baba alihesabu vema za mtoto wake, akaomba kila mzazi ataje za wake ili tujipange wenyewe. Na watu wakaanza kutaja! Mimi pia nilitaja, nisijifanye malaika hapa.

Jumatatu nikaomba ruhusa kazini, nikaenda shuleni. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Mwalimu wa darasa ni dada mdogo tu, nadhani hajafika miaka 30. Kanisikiliza hadi nikamaliza, akasema: "Mama, kuna watoto kama kumi na wanane hawakuwepo wiki ile, nawapima leo. Kaa pale nyuma yangu uangalie, ila usiseme chochote. Nikimaliza namwita na wako, nampima tena mbele yako."

Upimaji wenyewe ulikuwa chini ya mwembe, maana darasani husikilizani. Mkeka mmoja, kopo la siagi limejaa vizibo vya soda, kadi za silabi alizokata kwenye maboksi, na simu yake ya kuhesabia dakika. Wengine wako uwanjani na mwalimu wa michezo. Anamwita mmoja mmoja kwa jina, anamuuliza kwanza leo amekula nini, ndipo anamtolea kadi. Hakuna aliyetamka neno mtihani. Mtoto mmoja alipomaliza aliuliza kama anaweza kurudi tena kuchezea vizibo.

Ikafika zamu ya wangu. Mwalimu akamuwekea karatasi yenye habari fupi ya mistari minne, juu kachora kuku. Mwanangu kaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kutiririka: "Kuku wa bibi ametaga mayai matatu. Bibi amefurahi sana." Kidole kinatembea, sauti nzuri, kwenye nukta anapumzika. Nikamtazama mwalimu kwa jicho la ushindi.

Halafu nikachungulia ile karatasi. Imeandikwa: "Rehema alikwenda sokoni na mama yake."

Wakuu, hakuna mahali palipoandikwa bibi. Hakuna yai. Kile alichokuwa "anasoma" ni ukurasa wa kitabu chake cha nyumbani, ambacho mimi mwenyewe humsomesha kila usiku, na kila usiku namsifia. Kaona picha ya kuku, kafungulia kaseti.

Mwalimu wala hakumwambia umekosea. Kasema "asante baba," akatoa kadi ya "ka". Kasema ka. Akatoa "kwa". Kasema ka. Akatoa "ngwa". Mtoto kaangalia uwanjani. Dakika ikaisha, akamwambia nenda kacheze. Akaondoka mbio, kama mtu aliyetoka dukani kununua chumvi.

Nikauliza sasa ile namba 7 ilitoka wapi? Akaniambia mitihani ya darasa la kwanza mingi ni ya kuchagua na kuoanisha, maswali yanasomwa kwa sauti, na mengi yanafanana na mazoezi ya ubaoni. Mtoto mwenye kumbukumbu kali anapita bila kusoma neno. "Wako ana kumbukumbu kali sana," akasema. Sijui kama alikuwa ananisifia.

Sasa nimekwama mambo mawili. Nyumbani nimsaidieje bila kumjaza hofu, na lile kundi la wazazi niliambie nini, maana wananisubiri nilete "majibu ya shule".

Chuma cha Reli:

Pole dada, ila mimi sikubaliani na haya mambo ya kubembeleza. Sisi tulipangwa mstari paredi, wa kwanza hadi wa mwisho, na wa mwisho alijua kwa nini yuko pale. Namba inamwamsha mtoto. Leo unamwambia "bado", kesho darasa la nne anakutana na upimaji wa kitaifa, madaraja ya A mpaka E, akiharibu anakariri darasa. Nani atakuwa amemwandaa? Hata ajira hawaandiki "anaweza kwa msaada".

Baba Naima:

Kaka Chuma, nilikuwa na msimamo kama wako. Binti yangu yuko darasa la kwanza. Nilimwambia akiwa ndani ya kumi bora namnunulia baiskeli, akitoka nje ya kumi hakuna baiskeli wala katuni. Siku moja kabla ya mtihani wa kufunga muhula tunanawa mikono tule, naona maji yanatoka ya bluu. Nikafungua kiganja chake. Kaandika ba be bi bo bu kwa kalamu ya wino, vidogo vidogo, mpaka kwenye vidole. Ana miaka sita! Nikamuuliza nani kakufundisha, akasema hakuna, "naogopa nitasahau".

Nilimnunulia baiskeli hata kabla ya matokeo. Mama yake akasema nimemdekeza.

Ticha wa Ziwa:

Nafundisha darasa la pili, mwaka wa tisa sasa. Niseme kidogo.

Mama Kibada, ulichokiona ndicho upimaji unatafuta. Ukitaka kujua kama mtoto anasoma, lazima umpe kitu ambacho hajawahi kukiona. Kwa hiyo tunapima sauti za herufi, tunakuja silabi, maneno, halafu maneno ya kubuni, yaani maneno ambayo hayapo. Hapa ndipo wazazi huja juu, "mwalimu unamfundisha mwanangu maneno ya wazimu." Hapana. Nikimwekea "kipefo" akasoma kipefo, najua anasoma. Akisema kipepeo, najua anakisia. Halafu habari fupi kwa dakika moja, maswali ya kuielewa, na imla.

Kiswahili hakina hila kama Kiingereza. Herufi ikisomwa hivi leo, kesho inasomwa hivyohivyo. Mtoto akishazishika silabi anasoma gazeti zima, mpaka kurasa za matangazo ya zabuni. Ubaya wake ni huo huo, anaweza kusoma gazeti zima na asielewe hata sentensi moja, na mzazi anaridhika kwa sababu anasikia sauti inatoka. Ndiyo maana maswali ya ufahamu huwa yanawaumbua wengi kuliko kadi.

Kosa la wengi si herufi moja moja, ni zile zinazobanana. Mbwa anakuwa "mba". Kunywa anakuwa "kuna". Ng'ombe usiseme. Huyo wako aliyesoma "kwa" akasema ka yuko hatua hiyohiyo, wala si mjinga. Kwa mtaala wa darasa la kwanza na la pili tangu 2015 mkazo wote uko hapo, KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, kwa sababu ilionekana watoto wanapanda madarasa bila kujua kusoma. Wakumbukeni wale vijana wa utafiti wa Uwezo waliokuwa wanapita nyumba kwa nyumba kuanzia 2010, wanawapima watoto kwa habari ya kiwango cha darasa la pili. Watoto wa madarasa ya juu walikuwa wanaishindwa, mzazi amesimama hapohapo mlangoni anashuhudia. Wengi walikuwa na ripoti zenye namba nzuri tu kabatini.

Bint Likoni:

Hamjambo ndugu zangu wa ng'ambo ya Lungalunga. Sisi huku Kenya tumeshapitia hili na bado tunalipitia. Tulizoea KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, alama 500, mtoto akipata 400 mtaa mzima wajua kabla hujafika nyumbani. Ya mwisho ilifanywa 2023. Mtaala mpya ukaja na maneno: amezidi matarajio, amefikia, amekaribia, yuko chini ya matarajio. Gredi ya tatu wanapimwa na KNEC, baraza letu la mitihani, lakini si mtihani wa kumtoa mtu. Gredi ya sita kuna KPSEA, tathmini ya kitaifa, ilianza 2022, nayo yahesabiwa asilimia 40 tu, zile 60 zatoka kwenye kazi za shule za gredi ya nne, ya tano na ya sita.

Sasa nikwambieni wazazi tulifanya nini. Wifi yangu alichukua kalamu, kuzidi akakupa 4, kufikia 3, kukaribia 2, chini 1. Akajumlisha masomo yote, akagawanya, akapata wastani. Kisha akapiga simu kwa mama wa rafikiye mtoto kuuliza wastani wao. Serikali yaondoa namba mlangoni, mzazi airudisha dirishani. Wallahi niliona kwa macho yangu.

Na kisa chenyewe cha kuchekesha, mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja kusema wazi kwenye mkutano, wazazi wengine walikuwa wahamisha watoto kwenda shule ya kibinafsi ambako bado wapewa "nafasi", ili tu waone ile nafasi.

Mama Leicester:

Niko Uingereza, natokea Tanga. Nimecheka hapo kwenye maneno ya kubuni maana kijana wangu kapitia hiyo hiyo mwaka jana.

Huku darasa liitwalo Year 1, kila Juni, kila mtoto anakaa na mwalimu wake anasoma maneno 40. Ishirini ni ya kweli, ishirini hayapo duniani, na pembeni ya yale yasiyokuwepo kumechorwa dude la ajabu ili mtoto ajue hili ni jina la dude, asihangaike kutafuta maana. Kwa miaka mingi alama ya kupita imekuwa 32. Asiyefika anarudia mwaka unaofuata, hakuna kukariri darasa wala fedheha. Ilianza 2012. Shule walituambia kabisa wazazi, msimwambie mtoto kuwa ni mtihani.

Nilifanya nini mimi? Nikachapa orodha ya maneno ya kubuni, nikabandika kwenye friji. Kila asubuhi na chai, "strom", anasema storm. Nakazana, strom! Anaanza kulia, anasema mama hilo siyo neno. Na kweli siyo neno. Kwa Kiswahili hakuwahi kunisumbua, anasoma hata meseji za bibi yake, ila nikamfanya aone kusoma ni ugomvi wa asubuhi. Mwalimu wake aliponiita akaniambia kwa upole, ondoa ile orodha.

Getini nako usidhani Wazungu wana adabu kuliko sisi. Wanaulizana kwa kuzunguka zunguka, "wa kwenu aliendeleaje?" Mwishowe mmoja anataja 39 na wote tunanyamaza. Na mwaka 2016, tarehe 3 Mei, wazazi wengi waliwazuia watoto wasiende shule siku nzima, wanapinga mitihani ya watoto wa miaka sita na saba. Hiyo ya miaka saba tangu mwaka wa masomo wa 2023 na 2024 si lazima tena, shule ikitaka inafanya, isipotaka basi.

Chuma cha Reli:

Dada Leicester unalinganisha mbingu na ardhi. Huko darasa la watoto wadogo kisheria halizidi 30 kwa mwalimu mmoja. Huku mwalimu ana 92, atampima kila mmoja chini ya mwembe saa ngapi? Hapo ndipo namba ilipotoka jamani, siyo ukatili. Ni njia ya haraka.

Ticha wa Ziwa:

Hapo Chuma umesema kweli na sikubishii. Mimi ninao 112. Mtoto mmoja kumpima vizuri, kadi, habari, vizibo, imla, ni dakika kumi ukiwa mwepesi. Piga hesabu, ni karibu saa kumi na tisa. Nani ananifundishia wengine saa hizo zote? Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 watoto wamekuja wengi, jambo jema, vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Kwa hiyo wapo wanaojaza vema bila kumwita mtoto. Ninawajua. Na wapo wanaowaambia watoto wanaosuasua "kesho usije" siku mgeni anapokuja kupima. Upimaji wa kimyakimya hauhitaji karatasi wala kengele lakini unahitaji muda, na muda ndiyo bei yake.

Ninachofanya mimi nawapima kumi kwa siku, wakati wa uji. Inachukua zaidi ya wiki mbili. Wazazi wanalalamika kwa nini wa huyu ameshapimwa na wa yule bado.

Na hilo la darasa la nne ni kweli, pale kuna madaraja na kuna kukariri. Ila mtoto anayefika la nne hajui "kwa" hatasaidiwa na kuwa wa 7 darasa la kwanza. Hata NECTA wenyewe, baraza la mitihani la taifa, matokeo ya kidato cha nne ya 2022, walipoyatangaza Januari 2023, hawakutaja tena shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora. Watu walipiga kelele wiki nzima.

Chuma cha Reli:

Na mimi nilipiga. Bado nataka orodha yangu ya kumi bora.

Mama Kibada:

Nimesoma wote, asanteni. Kundi la wazazi nimelipelekea picha ya zile kadi za maboksi na nikaandika kisa cha kuku kama kilivyo, jina la mwanangu likiwemo. Simu ilikaa kimya kama dakika ishirini. Halafu wazazi wanne wakanifuata pembeni, kila mmoja anasema wa kwake pia anajua kitabu kwa kichwa. Yule baba wa kuhesabu vema hakusema kitu, ila kesho yake nimeambiwa alionekana chini ya mwembe.

Ticha, naomba sasa cha kufanya nyumbani. Kwa lugha ya mtu aliyemaliza la saba.

Ticha wa Ziwa:

Kile kitabu cha kuku kifiche kwanza. Kata boksi, andika kwa, mwa, bwa, ngwa, nywa. Kadi tano kwa siku, siyo hamsini. Kaa naye kabla hajachoka, siyo saa tatu usiku. Mtungie maneno yasiyokuwepo, naye akutungie wewe usome. Akikosea usimwambie hapana, mwambie tuitazame tena. Na usimuulize chochote kinachoanza na "wa ngapi".

Mama Kibada:

Wiki ya tatu, naleta mrejesho kama nilivyoahidi.

Kadi zimefika thelathini, nimezitia kwenye kopo la siagi kama mwalimu. Mwa na bwa vimeingia. Ngwa bado inamshinda, anakunja uso kama anameza dawa. Juzi yeye ndiye alinitungia, kaandika kwa mkaa sakafuni pale uani: BWAKEFI. Akaniambia soma. Nikasoma. "Ni nini hiyo?" nikamuuliza. Akasema ni mnyama anayekula vizibo.

Halafu jana usiku nikampa ile habari ya Rehema, mwalimu aliniazima. Kasoma neno moja moja, polepole mno, kama mtu anayevuka daraja la miti. Re-he-ma. A-li-kwe-nda. Hapo kwenye "kwe" akasimama, akarudi nyuma, akaanza upya. Ile sauti yake nzuri ya zamani haipo kabisa, ukimsikia kutoka sebuleni utasema huyu mtoto kashuka. Mistari minne imemchukua muda wa ugali kuiva. Nikamuuliza Rehema alikwenda wapi. "Sokoni." Na nani? Akairudia karatasi, akatafuta kwa kidole, akasema "na mama yake."

Baba yake alipopiga nikampa simu amsomee. Alisikiliza yote bila kumkatiza. Mwishoni kaniuliza mimi, mbona anasoma taratibu hivyo, ana homa?

Chuma cha Reli:

Hongera dada. Msimamo wangu uko palepale. Ila hizo kadi unatumia boksi gani, za viatu au zile ngumu za tivii? Wangu wa chekechea anachana kila kitu.

Mama Kibada:

Za viatu ni laini, zinakunjika. Tafuta boksi la feni.

Mzalendo wa Mbagala:

Samahani nimeingia sasa hivi, sijasoma uzi wote. Kwani mtoto alikuwa wa ngapi?